Mkulima Mmoja wa Mwani Asihesabiwe Mara Tatu

Ndugu mtahiniwa, kuna swali moja la kanzidata ambalo watahiniwa wengi hulijibu kwa haraka na kwa kujiamini, kisha hupoteza alama. Swali huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Una maulizo mawili au matatu, kila moja limekuletea jibu lake. Utayaunganishaje majibu hayo yawe jibu moja? Wapo wanaoandika "tunatumia UNION" na kukimbilia swali linalofuata. Wapo wanaoandika "tunatumia JOIN". Waulize kwa nini wamechagua hiyo na si ile nyingine, utawaona wanatazama dari.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea katika kurasa hizi: kuunganisha majibu ya maulizo si suala la kukariri amri. Ni suala la kujua mstari mmoja wa jedwali unasimama badala ya nini, na ni alama gani inayomtambulisha mtu yule yule anapotokea kwenye jedwali jingine. Asiyejua mambo hayo mawili atapata jibu kutoka kwenye kompyuta, tena jibu lenye sura nzuri, na jibu hilo litakuwa la uongo. Katika makala haya mstari ni ule unaolala, na safu ni ile inayosimama. Tukubaliane hivyo mapema tusichanganyane.

Tuanze Paje, kwa sababu mfano wa maktaba ya vitabu na wateja wa duka unaourudia kila mwaka umekwisha ladha.

Paje iko pwani ya mashariki ya Unguja, Wilaya ya Kusini. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapo na katika kijiji jirani cha Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amefanya utafiti wa miaka mingi juu ya mwani wa pwani yetu. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake. Maji yakitoka wakati wa bamvua hushuka na kamba na vigingi, hufunga mbegu, hung'oa uliokomaa, huanika, kisha huuza kwa kilo. Kuna aina mbili: spinosum, unaovumilia zaidi lakini bei yake ndogo, na cottonii, wenye bei nzuri zaidi lakini hufa maji yakipata joto. Ndani ya mwani hutolewa karagenani, kitu kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu zishikane. Leo rasi ile ile ya maji ya kina kifupi inagombewa pia na wageni wanaoteleza juu ya mawimbi kwa tiara, na nyuma ya ufukwe zimesimama hoteli.

Sasa fikiri. Mwanamke mmoja wa Paje anaweza kulima mwani wakati wa bamvua, akawa mwanachama wa ushirika unaotengeneza sabuni ya mwani, na siku nyingine akafua mashuka hotelini. Huyu ni mtu mmoja mwenye kazi tatu. Jina lake limo katika orodha tatu zilizoandikwa na watu watatu tofauti kwa madhumuni matatu tofauti. Siku ukija uamuzi kuhusu ile rasi, kwamba sehemu hii iwe ya kamba za mwani na ile iwe ya michezo ya wageni, mtu atauliza: wanaoitegemea bahari hii ni wangapi? Na atakayeketi mbele ya kompyuta kujibu huenda akawa wewe.

Tuseme orodha ya wakulima wa mwani ina watu 240, orodha ya ushirika ina 130, na orodha ya wafanyakazi wa hoteli ina 60. Hizi ni namba za mazoezi tu, nimezitunga ili tuhesabu pamoja. Asiyefikiri atajumlisha: 240 na 130 na 60 ni 430. Lakini hesabu za seti ulizifanya kidato cha pili, na kanuni yake unaijua kwa moyo:

n(A∪B) = n(A) + n(B) − n(A∩B)

Kama watu 90 wamo katika mwani na katika ushirika, basi orodha hizo mbili zina watu 240 + 130 − 90 = 280, si 370. Ongeza orodha ya hoteli: watu 25 wamo katika mwani na hoteli, 10 katika ushirika na hoteli, na 5 wamo katika zote tatu. Jumla ya watu halisi ni 430 − 125 + 5 = 310. Tofauti ya 430 na 310 ni 120. Hao 120 hawapo. Ni vivuli vya watu ambao tumeshawahesabu.

Inashangaza kwamba mwanafunzi anayepata alama zote katika swali la seti kwenye karatasi ya hisabati hushindwa swali hilo hilo likivaa nguo za kompyuta. Kitu ni kimoja. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko California, alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa kanzidata za majedwali tunazotumia mpaka leo, na msingi huo aliujenga juu ya nadharia ya seti. Neno UNION halikutoka hewani. Ni muungano ule ule unaouchora kwa miduara. (Neno muungano kwetu sisi lina uzito mwingine tangu tarehe 26 Aprili 1964, lakini hilo liachie karatasi ya uraia. Ukumbuke tu kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania ni jambo la Muungano, ndiyo maana wewe wa Paje na mwenzako wa Songea mnafanya mtihani mmoja, ingawa shule zenu ziko chini ya wizara mbili.)

Turudi kwenye amri. Ukiandika hivi:

SELECT namba FROM mwani
UNION
SELECT namba FROM ushirika;

kompyuta itaweka majibu ya ulizo la pili chini ya majibu ya ulizo la kwanza, kisha itafuta mistari inayojirudia. Ukiandika UNION ALL badala ya UNION, itayaweka vivyo hivyo lakini haitafuta kitu. Kwa hesabu yetu, UNION italeta mistari 280 na UNION ALL italeta 370. Ili amri yoyote kati ya hizo ikubali, maulizo yote mawili lazima yalete idadi sawa ya safu, na aina ya taarifa katika safu zinazolingana iwe inaoana: namba chini ya namba, tarehe chini ya tarehe. Hayo yamo katika kila kitabu, na mtahini akiyauliza uyaseme. Kama shuleni kwenu mnatumia Microsoft Access, fahamu pia kwamba ulizo la UNION halitengenezwi kwa kuburuta majedwali kwenye skrini ya kubuni. Lazima uliandike kwa mkono katika mwonekano wa SQL. Huenda ndiyo sababu wengi hawajawahi kuliona likifanya kazi.

Vitabu vingi huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu UNION ina tabia mbili ambazo zisipoelezwa humtia mtu hasarani.

Tabia ya kwanza: hufuta mstari pale tu mistari miwili inapofanana katika kila safu uliyoichagua, herufi kwa herufi. Jaribu kuchagua jina badala ya namba. Orodha moja imeandika Khamis, nyingine Hamisi. Moja Khadija, nyingine Hadija. Moja imeandika jina la mtu, la baba na la babu, nyingine imeishia kwa baba. Kwa macho yako wewe, uliyezaliwa hapa, huyo ni mtu mmoja tena unamjua mpaka mlango wa nyumba yake. Kwa kompyuta ni watu wawili, na UNION itawaacha wote wawili bila hata kukuonya. Ukiongeza safu ya kazi, hali inakuwa mbaya zaidi. Mstari unaosema mtu huyu ni "mkulima" na mstari unaosema mtu huyo huyo ni "mfua nguo" haufanani kamwe, basi hakuna kitakachofutwa, na utapata vivuli vyako vyote 120 ukidhani umeshavifuta.

Tabia ya pili ni kinyume cha ya kwanza, na ndiyo inayonikera zaidi kwa sababu huwaumiza watu kimyakimya. Tuseme sasa unaunganisha mauzo badala ya watu. Vituo viwili vya kununulia mwani vimekupa orodha zao, kila moja na safu mbili: namba ya mkulima na kilo alizouza. Mkulima namba 57 aliuza kilo 30 katika kituo cha kwanza, na siku nyingine akauza kilo 30 katika kituo cha pili. Ukitumia UNION, kompyuta itaona mistari miwili inayofanana kabisa na kufuta mmoja. Kilo 30 za mwani, alizozifunga akiwa kiunoni majini, zimetoweka. Hapa mstari si mtu, mstari ni tukio la kuuza, na matukio mawili yanaweza kufanana bila ya kuwa tukio moja. Amri sahihi ni UNION ALL, au bora zaidi, ongeza safu ya tarehe na ya kituo ili kila uuzaji ujulikane kwa upekee wake.

Umeona sasa kwa nini nimesema amri si kitu cha kukariri? Amri ile ile, UNION, ni sahihi unapohesabu watu na ni wizi unapojumlisha kilo. Kilichobadilika ni maana ya mstari. Kila unapopewa swali la namna hii, kabla hujaandika neno SELECT, andika pembeni kwa penseli sentensi moja: "Mstari mmoja wa jedwali hili ni ..." Ukiweza kuimalizia, umeshafika nusu ya njia. Ukishindwa, soma swali tena.

Sasa JOIN. UNION huweka orodha moja chini ya nyingine, JOIN huziweka ubavu kwa ubavu. Unaitumia pale jedwali moja linapojua jambo ambalo jingine halijui. Daftari la mwani linajua kilo, daftari la ushirika linajua nani amelipa ada. Unataka kuona mkulima, kilo zake na ada yake katika mstari mmoja. Ili mistari miwili ikutane inahitaji kitu kimoja cha kushikana mikono, na kitu hicho ni ufunguo.

Ufunguo unaujua kuliko unavyodhani. Siku ya mtihani wako wa mwisho utaandika namba yako ya mtihani katika kila ukurasa wa kijitabu cha majibu, si jina. Msahihishaji hajui wewe ni mtoto wa nani. Alama za Kiswahili zinatoka meza moja, za Hisabati meza nyingine, za Biolojia nyingine, na zote zinakutana katika mstari wako kwa sababu ya namba ile tu. Baada ya hapo masomo yako saba uliyofanya vizuri zaidi yanachukuliwa, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na jumla ya pointi 7 hadi 17 inakuweka daraja la kwanza. Ukikosea tarakimu moja ya namba yako katika karatasi moja, alama za karatasi hiyo zinakosa mahali pa kushikilia. Kwa hiyo msimamizi anapowakumbusha kuandika namba, usimwone msumbufu. Anatetea ufunguo wako.

Na namba hiyo haiishi siku matokeo yanapotoka. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Kwa lugha ya somo letu, lililofanyika ni JOIN: orodha ya watumishi upande mmoja, kumbukumbu za Baraza la Mitihani upande wa pili. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vilikuwepo pia vyeti zaidi ya elfu moja ambavyo kila kimoja kilikuwa kinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mwaka uliotangulia, 2016, watumishi hewa zaidi ya 10,000 walikuwa wameondolewa katika orodha za mishahara. Sisemi hapa kama kila aliyeguswa alitendewa haki. Hilo lina mjadala wake, na watu wazima wanaujadili mpaka leo. Ninalosema ni kwamba maisha ya maelfu ya watu, mshahara, kodi ya nyumba, ada za watoto, yaliamuliwa kwa kulinganisha orodha mbili. Ukiwa na fikra hiyo huwezi tena kuiona JOIN kama alama mbili za swali la saba.

Waliohifadhi vyema kumbukumbu zao hawakuwa na wasiwasi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nadhani daftari mbili zisizo na ufunguo mmoja nazo hupoteza mali, tena mbele ya macho ya watu.

Ukishajua ufunguo, swali linalobaki ni hili: tuwafanye nini wasio na mwenzao upande wa pili? Hapa ndipo INNER JOIN na LEFT JOIN zinapoachana. INNER JOIN huleta wale tu waliopatikana katika majedwali yote mawili. Kwa orodha zetu za mwani na ushirika, italeta watu 90. LEFT JOIN, ukianzia na jedwali la mwani, italeta wakulima wote 240, na pale ambapo mkulima hayumo katika ushirika, safu za ushirika zitabaki tupu. Wanafunzi wengi hupenda INNER JOIN kwa sababu jibu lake ni safi, halina mapengo. Mimi huliogopa jibu lisilo na mapengo. Mkulima ambaye hajajiunga na ushirika, au aliyejiunga lakini karani akasahau kuandika namba yake, haonekani kabisa katika jibu hilo. Hakuna mstari wake, kwa hiyo hakuna wa kuuliza yuko wapi. Anayehesabiwa mara mbili huleta fujo na fujo huonekana. Anayeachwa hana sauti. Kumbuka pia kwamba kisanduku kitupu cha ufunguo hakilingani na chochote, hata na kisanduku kingine kitupu.

Kama ningekuwa na mamlaka juu ya namna somo hili linavyofundishwa, ningeanza na ulizo hili kabla ya mengine yote:

SELECT mwani.namba
FROM mwani LEFT JOIN ushirika
ON mwani.namba = ushirika.namba
WHERE ushirika.namba IS NULL;

Linauliza: nani yumo katika mwani lakini hayumo katika ushirika? Ni ulizo la kumtafuta aliyesahauliwa. Kwa namba zetu litaleta watu 240 − 90 = 150. Hao ni wengi kuliko waliomo.

Kuna mtego mwingine ambao sijauona ukielezwa vya kutosha kwa watahiniwa. Mkulima namba 57 ana vitalu viwili vya mwani baharini, na jedwali la vitalu lina mistari yake miwili. Ameuza mara tatu: kilo 30, kilo 20 na kilo 25. Jedwali la mauzo lina mistari yake mitatu. Unganisha vitalu na mauzo kwa namba ya mkulima. Kila kitalu kitashikana na kila uuzaji, na utapata mistari sita. Jumlisha kilo: 150. Lakini mama huyu ameuza kilo 75 tu! Hakuna aliyedanganya, hakuna namba iliyoandikwa vibaya, ufunguo ni sahihi, amri imekubali. Dawa yake ni kujumlisha mauzo kwanza, ili kila mkulima awe na mstari mmoja wa jumla ya kilo, ndipo umuunganishe na jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mkulima. Tena tumerudi kwenye ile sentensi ya penseli. Jedwali la vitalu: mstari mmoja ni kitalu. Jedwali la mauzo: mstari mmoja ni uuzaji. Vitu viwili tofauti, vimeunganishwa kwa kitu cha tatu.

Najua wapo watakaonipinga. Hoja ya kwanza nitakayoletewa ni kwamba haya ni makubwa mno kwa kidato cha nne, yaachwe kwa vyuo. Siikubali. Sheha anayetunza daftari la wakaazi wa shehia hakusoma chuo cha kompyuta, wala katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na wote wanaunganisha orodha kila mwezi kwa kalamu ya wino. Wengi wenu mtafanya kazi hizo mkiwa hamjapita chuo chochote. Ugumu hauko katika dhana, uko katika mifano mibovu tunayopewa.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwa nini tusiwe na orodha moja kubwa yenye kila kitu, tukaachana na kuunganisha? Tayari tunavyo vitambulisho. Kuna namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na kwa upande wetu kuna kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018. Lakini tazama, katika sentensi hiyo hiyo nimetaja namba mbili. Mtu mmoja wa Paje anaweza kuwa nazo zote, na orodha moja ikaandika hii, nyingine ile. Hapo unahitaji jedwali la tatu, la daraja, linalosema namba hii na ile ni za mtu mmoja. Kuunganisha hakukwepeki. Na hata kama kungekwepeka, mimi nisingetaka kila karani aone kila kitu. Anayenunua mwani hana haja ya kujua nimetibiwa nini hospitali. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 kwa sababu ya mambo kama hayo. Orodha zikae mbalimbali, kila moja na mlinzi wake, na ziunganishwe pale tu penye swali halali, kwa safu zile tu zinazohitajika. Ndiyo maana katika mifano yangu nimechagua safu ya namba peke yake. SELECT yenye nyota, inayoleta safu zote, ni tabia ya uvivu na wakati mwingine ni umbea.

Wa tatu atasema kompyuta inajua yenyewe. Huyo simjibu. Nampa orodha mbili zenye Khamis na Hamisi, aende akaiulize.

Kwa upande wa mtihani, ningekushauri ufanye hivi unapojibu. Taja mstari unasimama badala ya nini. Taja ufunguo. Sema kama unataka orodha zikae chini kwa chini au ubavu kwa ubavu, na hapo jina la amri litakuja lenyewe. Kisha ongeza sentensi moja kuhusu wasiolingana au wanaojirudia utawafanya nini. Jibu la aina hiyo ni mistari minne au mitano tu, lakini linaonyesha kwamba umefikiri.

Na usingoje maabara ya kompyuta ifunguliwe. Chukua daftari mbili za darasa lenu, la waliolipa mchango wa mahafali na la waliopimwa sare, uzihesabu kwa mkono. Andika ni wangapi wamo katika la kwanza, wangapi katika la pili, wangapi katika yote mawili. Halafu tafuta waliomo katika moja tu, na kabla hujamwita mtu mdaiwa, hakikisha kwamba Zuwena wa daftari hili si Zuena wa lile.